SOMO: Kutumia takwimu za wanafunzi kuboresha kozi ya ujasiriamali chuoni

Walimu wenzangu, kila muhula tunagawa dodoso siku ya mwisho, wanafunzi wanaandika "mwalimu anafundisha vizuri", karatasi zinaingia kabatini. Dodoso hilo linapima furaha ya mwanafunzi. Kama amejifunza kitu, halisemi.

Hatua ya 1. Chagua swali moja kabla ya kukusanya chochote. Mfano: je, wanafunzi wangu wanawasikiliza wateja kabla ya kutengeneza bidhaa?

Hatua ya 2. Pima mara mbili, wiki ya kwanza na ya mwisho, kwa maswali yale yale. Kila mmoja ajitungie namba ya siri atakayoikumbuka, ili uoanishe majibu yake bila kumjua. Hapa ndipo tunapoteleza wengi. Tunalinganisha wastani wa mwanzo na wa mwisho, kumbe waliokata tamaa walishaacha kozi. Wastani unapanda na hakuna hata mmoja aliyebadilika!

Hatua ya 3. Uliza matendo. Swali la "unajiamini kiasi gani?" lina mtego: wiki ya kwanza mwanafunzi hajaujua ugumu, anajipa 5, mwishoni ameuonja, anajipa 3. Ukisoma harakaharaka utadhani umemharibu. Muulize: mwezi huu umezungumza na wateja wangapi? Wamekufanya ubadili nini katika wazo lako?

Hatua ya 4. Badili jambo moja tu, kisha pima tena muhula ujao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwangu nia ya kuanzisha biashara ilishuka baada ya kozi. Nimefeli?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mwaka 2010 Oosterbeek na wenzake walichapisha utafiti wa Uholanzi ulioonyesha nia ikishuka baada ya mafunzo. Mwaka huohuo von Graevenitz, Harhoff na Weber waliona nia ikipungua Ujerumani pia, lakini wao walieleza kwamba kozi humsaidia mwanafunzi kutambua kama kazi hii inamfaa. Kwa hiyo usiishie kwenye wastani. Mtazame mmoja mmoja: kama wengine wamepanda na wengine wameshuka, kila mtu anajitambua. Wakishuka wote, kaa nao uwaulize kulikoni.

Swali: Nina wanafunzi 18 tu. Inatosha?

Jibu: Inatosha, ila achana na asilimia. Andika "11 kati ya 18", kisha zungumza na watano kwa kina. Mimi mazungumzo hayo hunifunza kuliko jedwali lolote.

Swali: Naweza kutumia alama zao za mitihani bila kuwaambia?

Jibu: Usifanye hivyo. Waeleze unakusanya nini, kwa sababu gani, na nani ataona. Anayekataa asipoteze hata alama moja. Na majibu ayatunze mtu mwingine mpaka umalize kusahihisha, maana mwanafunzi akijua unayasoma kabla ya kumpa alama, atakuandikia unachotaka kusikia.