Somo: Postgres inavyozuia prosesi zake zisibaki na kashe iliyochacha

Wakuu salama? Leo tuingie ndani ya PostgreSQL (databesi, kwa kifupi Postgres) kwenye kashe, yaani nakala za haraka ambazo kila prosesi inajiwekea, kitu tunachokitegemea kila siku bila kukiona. Ukibadilisha tebo kwenye koneksheni moja, zile nyingine 200 zinajuaje?

Mi nililichimba hili baada ya usiku mmoja mbaya sana. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi tuliongeza kolamu moja tu, saa nane usiku, ghafla baadhi ya maombi yanagoma na erori "cached plan must not change result type" na mengine yanapita kama kawaida, tukawa tunaristati seva za programu moja moja mpaka alfajiri bila kujua tunatibu ugonjwa gani.

Postgres inafungua prosesi nzima kwa kila koneksheni. Data yenyewe inapitia shared_buffers, memori moja ya wote, kwa hiyo hapo hamna nakala za kugongana. Shida iko kwenye maelezo ya data, yaani tebo ina kolamu gani, indeksi zipi, nani ana ruhusa. Hayo yanakaa kwenye katalogi (pg_class, pg_attribute na wenzake), na kila prosesi ikiyasoma inajiwekea nakala kwenye memori yake binafsi. Kuna catcache ya mistari ya katalogi, relcache ya tebo nzima, afu juu yake kuna plani (njia ya kutekeleza) za query zilizoandaliwa kwa PREPARE.

Chukulia makonda wa daladala, kila mmoja ana nauli kichwani, na ubao wenyewe uko ofisini. Nauli ikibadilika ofisi haimtumii konda nauli mpya, inamwambia tu "ya Mbagala uliyonayo imekufa", siku akipata abiria wa Mbagala anaenda kusoma ubaoni. Postgres ndo inafanya hivyo hivyo, meseji haibebi thamani mpya. Shikeni hapo maana ndo moyo wa somo.

Hatua ya 1. Fungua psql mbili (programu ya kuandikia Postgres komandi), tuziite A na B. Kwenye A:

CREATE TABLE wateja (id int, jina text);

Kwenye B:

PREPARE q AS SELECT * FROM wateja;
EXECUTE q;

Sasa B ina nakala yake ya wateja na plani yake.

Hatua ya 2. Kwenye A:

BEGIN;
ALTER TABLE wateja ADD COLUMN simu text;

Usifanye COMMIT bado. Piga SELECT hapo hapo A, kolamu ya simu unaiona, kwa sababu A imeshajipelekea meseji yenyewe mwisho wa ile komandi. Wengine bado hawajaambiwa, meseji zao zimeshikwa mfukoni mwa A zinasubiri muamala uishe.

Hatua ya 3. Rudi B, piga EXECUTE q, itaganda. Angalia pg_stat_activity ukiwa A, utaiona B ina wait_event_type Lock na wait_event relation. Inasubiri kufuli, maana ALTER imeshika ACCESS EXCLUSIVE, kufuli kali kuliko zote, hata kusoma inazuia. Iache hivyo hivyo uitazame kidogo, kule kuganda ndo ulinzi wenyewe.

Hatua ya 4. COMMIT kwenye A. Hapa mpangilio ndo kila kitu: A inaandika COMMIT, inamwaga meseji kwenye foleni ya pamoja iliyoko shared memory, HALAFU ndo inaachia kufuli. B nayo ikishapata kufuli, kabla haijagusa nakala yake inasoma kwanza foleni. Kwa hiyo haiwezekani B ipate kufuli huku meseji haijafika. Kama A ingeachia kufuli kwanza, pangekuwa na upenyo mdogo ambapo B inaingia na maelezo yaliyochacha, na upenyo mdogo kwenye seva yenye kazi nyingi utapitwa tu, ni suala la muda.

Kwenye B sasa utaona ile erori yetu ya saa nane usiku! Kashe imefutwa vizuri kabisa, plani imeandaliwa upya, ila nyota (*) imezaa kolamu tatu wakati koneksheni B iliahidiwa mbili, Postgres inakataa. Zilizokuwa zinagoma kwetu ni koneksheni zilizokuwa zimeshaandaa query kabla ya mabadiliko. Rudia zoezi na PREPARE q2 AS SELECT id, jina FROM wateja; (kolamu mpya uipe jina lingine, simu ishakuwepo) uone inavyopita kimya. Tajeni kolamu zenu jamani.

Hatua ya 5. Rudia tena kwa q2 na kolamu ya jina lingine, ila A ipige ROLLBACK (kurudisha nyuma muamala). B inaendelea bila erori, meseji zilizokuwa mfukoni zimetupwa, ila A inafuta kwenye kashe yake yale iliyokuwa imeyaona.

Foleni yenyewe ina nafasi 4096, inazunguka. Prosesi ikichelewa kusoma inatumiwa ishara iamke isome, na ikizidi kuachwa inawekewa alama ya "umepitwa", ikiamka inatupa kashe YOTE na kuanza upya. Napenda sana uamuzi huu, foleni haikui bila mwisho kwa sababu ya mvivu mmoja, na usahihi haupotei, unalipia kasi tu.

MASWALI

Swali: Mkuu sisi kila ombi linatengeneza temp table (tebo ya muda) afu linaifuta, ina uhusiano na hii?

Jibu: Tena mkubwa. Temp table nayo inaandika kwenye pg_class, pg_attribute na pg_type, kwa hiyo kila moja inazalisha meseji, na foleni ni moja kwa databesi zote za seva hiyo. Ukizitengeneza kwa maelfu unawasukuma wengine mpaka wanapitwa, wanatupa kashe zao, wanasoma katalogi upya, CPU inapanda bila sababu ya kuonekana. Tengeneza moja kwa kila koneksheni na uweke ON COMMIT DELETE ROWS.

Swali: Na ripliki ya kusoma (seva ya pili inayonakili ya kwanza) inajuaje, si haina ALTER yoyote?

Jibu: Meseji zinaandikwa ndani ya rekodi ya COMMIT kwenye WAL, ile logi ya mabadiliko ambayo ripliki inaifuata. Ripliki ikiifikia inazimwaga kwenye foleni yake.

Swali: Kaka koneksheni zetu zinaishi siku nzima na memori inapanda tu, tuna schema kama 3,000, moja kwa kila mteja.

Jibu: Catcache na relcache hazina kikomo cha ukubwa, kila tebo uliyogusa inabaki mpaka itajwe kwenye meseji au koneksheni ife. Kuanzia toleo la 14 piga hii ndani ya koneksheni, kabla na baada ya kugusa schema nyingi:

SELECT name, total_bytes FROM pg_backend_memory_contexts WHERE name = 'CacheMemoryContext';

Ukiona ndo inayokua, weka umri wa koneksheni kwenye puli yako (inayotunza na kugawa koneksheni) zife na kuzaliwa upya.

Swali: Naweza kutumia mtindo huu kwa kashe ya programu yangu mwenyewe? Nina bei za bidhaa kwenye memori ya prosesi nne.

Jibu: Ndiyo, kwa LISTEN na NOTIFY, komandi za Postgres za kusikiliza na kutuma meseji. NOTIFY nayo inatoka muamala ukifanya COMMIT, ukirudisha nyuma haitoki. Tuma id ya bidhaa tu, bei usitume. Koneksheni ikikatika ukaunganisha tena, anza na LISTEN afu tupa kashe yote, hujui ulipitwa na nini. Na LISTEN usiipitishe PgBouncer (programu ya puli) ya transaction pooling, inayobadilisha koneksheni kila muamala, haitafanya kazi.

Swali: Nimefanya hivyo mkuu, ila mara moja moja bei ya zamani inabaki. Meseji naiona kwenye logi imefika.

Jibu: Prosesi yako imesoma bei ya zamani, kabla haijaiweka kwenye kashe meseji ikafika ikafuta patupu, afu ndo ukaiweka. Weka namba kwa kila bidhaa inayoongezeka kila meseji ikifika, ishike namba kabla ya kusoma databesi, ukirudi na jibu ukikuta imebadilika usihifadhi, soma tena. Relcache yenyewe inafanya karibu hivyo, ikiambiwa "imekufa" katikati ya kujenga inarudia kujenga.

Swali: Nimekuelewa, kwa hiyo namba inakaa nje ya kashe, sio ndani ya ile entri?

Jibu: Nje, maana entri inafutwa.