Nyeusi ya kihuni: jibu d4 kwa e5

Kama kwenye chesi umechoka kujilinda tu ukiwa na nyeusi, jaribu Englund Gambit, yaani jamaa akianza kwa kusogeza kitunda hadi d4 (herufi na namba ni jina la mraba kwenye ubao) we unajibu kitunda e5, unamgawia kitunda hicho bure kabisa. Akila, toa farasi c6, akileta farasi f3 weka malkia e7. Wengi wanalinda kwa askofu f4, hapo malkia wako anaruka b4 sheki (anamshambulia mfalme wake), askofu wake anarudi d2, malkia wako anakula kitunda cha b2. Sasa tulia. Akiweka askofu c3 kwisha habari yake, weka askofu wako b4, malkia wake akija d2 we kula askofu wake wa c3, akila na malkia, malkia wako ashuke c1 chekimeti (mfalme hana pa kukimbilia, umeshinda), akila na farasi unabeba ngome ya a1. Ila akijua kuweka farasi c3 badala ya askofu, malkia wako atakimbizwa na ngome mpaka uchoke, ndo maana hii ni ya blitzi (mechi za dakika chache), ya mashindano marefu achana nayo.