Kuhifadhi kigari cha gofu msimu wa masika: mwongozo kwa aliyeachiwa funguo

Mwezi wa nne ukiingia, Diani na Vipingo, huku pwani ya Kenya, hupoa. Masika yanaanza, wageni wanapungua, na wenye nyumba wengi huondoka kurudi Ulaya au Nairobi hadi mvua zipite. Kigari cha gofu kinabaki nawe, mtunza nyumba au dereva, na kwaheri ya haraka: “Kiangalie angalie.” Sasa kukiangalia ndiko huku.

Jambo moja lijulikane mapema. Vigari vingi ninavyoitwa kuvitazama mwezi wa saba havikuharibiwa na mvua. Vimeuliwa na betri zilizoachwa na chaji nusu. Betri ya asidi, ile inayoongezwa maji, hujimaliza yenyewe hata ikiwa imetulia, na joto la Pwani huharakisha. Chaji ikikaa chini muda mrefu, salfeti, yaani ganda gumu jeupe, huganda juu ya pleti za risasi zilizo ndani ya betri, na ikishakomaa hakuna chaja itakayoiondoa. Kwa hiyo usianze na turubai. Anza na betri.

Hatua ya 1: Chaji hadi mwisho, kisha maji

Osha kigari kwanza, hasa chini, maana upepo wa bahari huacha chumvi kwenye kila nati. Kikauke.

Chaji kigari mahali penye hewa, kiti kikiwa kimeinuliwa. Betri zinapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka, kwa hiyo sigara na jiko la makaa vikae mbali. Acha chaja ijizime yenyewe.

Baada ya hapo ndipo ufungue vifuniko na kuongeza maji. Ukijaza kabla, maji yatapanda wakati wa kuchaji na asidi itamwagika. Ila ukikuta pleti ziko wazi, ongeza kidogo tu ya kuzifunika, chaji, halafu malizia. Kiwango kiishie chini kidogo ya shingo ya tundu.

Tumia maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri dukani, kwani asidi nayo huuzwa rafu hiyohiyo na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote. Asidi haiongezwi. Maji ya kisima usiyaguse kabisa. Hapa kwetu yana chumvi.

Hatua ya 2: Safisha vichwa vya betri

Ule unga wa kijani au mweupe unaoota kwenye vichwa, pale waya zinapofungwa, unakula waya. Koroga vijiko vinne vya mezani vya bikaboneti (baking soda) katika lita moja ya maji, funga vifuniko vyote barabara, sugua kwa mswaki mzee, suuza, kausha. Tone la mchanganyiko huo likiingia ndani ya seli litapunguza nguvu ya asidi. Malizia kwa kupaka mafuta ya mgando kwenye vichwa.

Vua pete na saa kabla ya kushika spana, na uuzungushie mpini wake tepu ya umeme. Volti 48 si za kuchezea.

Hatua ya 3: Zima kila kinachonyonya

Toa ufunguo. Chini ya kiti vigari vingi vina swichi yenye maandishi RUN (kuendesha) na TOW (kuvutwa), iweke TOW. Kisha fungua waya wa hasi (−) wa seti nzima ya betri.

Wako wanaoacha chaja imechomekwa miezi yote. Chaja za kisasa zinaruhusu, lakini mimi sipendi. Masika yana radi, na stima ikikatika hurudi kwa kishindo.

Hatua ya 4: Egesha

Jaza tairi upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha kigari. Usivute breki ya mkono, kwa sababu unyevu utaigandisha. Weka magogo au mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Nailoni hufungia jasho ndani, na viti huota ukungu. Ondoa mabaki ya chakula, maana panya wakishaingia hutafuna waya, lakini usiwawekee sumu ndani ya kigari: watafia mahali usipoweza kuwafikia.

Hatua ya 5: Kila mwezi

Hii ndiyo wengi huiruka. Pima volti za betri kwa mita, kigari kikiwa kimepumzika tangu usiku. Seti ya volti 48 iliyojaa husoma karibu 50.9, ikishuka chini ya 50, rudisha waya na uchaji. Betri ya volti 8 iliyojaa husoma karibu 8.5, ya volti 6 karibu 6.4. Pima pia moja moja: ile inayobaki nyuma ya wenzake ndiyo itakayovuta seti nzima chini, mwambie mwenyewe mapema. Angalia kama sisimizi wamejenga kwenye soketi.

Kama si betri za asidi

Za lithiamu hazitaki kujazwa kwa ajili ya kulala. Ziache nusu au zaidi kidogo, zima swichi kuu, fuata kitabu chake. Cha petroli, funga valvu ya mafuta na uache injini ingurume hadi izime, ili petroli isikauke ndani ya kabureta. Kisha fungua hasi ya betri.

Mwenyewe akirudi

Siku moja kabla, rudisha waya, weka RUN, chaji hadi chaja ijizime, kagua maji na upepo wa tairi. Toa magogo, endesha polepole uani na ujaribu breki mara kadhaa. Ikikwaruza au kuvuta upande mmoja, mwite fundi kabla mzee hajakishika.