Jinsi ya kumsikiliza Ursula Oppens kwa simu, hedifoni na punje 36 za mahindi

Napiga kinanda kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Kiborloni, Moshi, na jioni nafundisha vijana kusoma noti. Wengi wamekulia kwenye do-re-mi ya kwaya: soprano, alto, teno, besi, kila mtu na mstari wake. Nikiwawekea muziki wa piano wa kisasa kutoka Marekani, husikiliza dakika mbili kisha mmoja anauliza, "Mwalimu, tuni iko wapi?" Swali hilo ni la haki kabisa, na njia ninayoieleza hapa nimeitengeneza kwa ajili ya yule anayeuliza.

Mpiga piano ninayeanza naye ni Ursula Oppens, aliyezaliwa New York mwaka 1944. Namchagua kwa sababu watunzi wakubwa wa kwao walimwandikia yeye. Baadhi ya kazi alizorekodi alizipokea wino ukiwa haujakauka, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha zinapigwaje.

Tuanze na vifaa. Spika ya simu haina besi, na katika muziki huu nusu ya habari iko kwenye besi. Tafuta hedifoni, hata za bei ndogo, mradi zishike sikio vizuri. Pakua muziki mapema usiku, bando likiwa nafuu, ili usikatikiwe katikati. Msimu wa masika, mvua ikianza kupiga bati, acha tu, utasikiliza kesho. Mimi nimezoea alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kupita.

Mambo mawili kwenye simu yanaharibu kila kitu. La kwanza ni ile programu kuchanganya nyimbo bila mpangilio. Kazi nitakayoitaja hapa chini mara nyingi hukatwa vipande vingi, na mimi niliisikiliza wiki nzima ikiwa imevurugwa, nikidhani ndivyo ilivyotungwa. Zima mpangilio huo kwanza. La pili ni kidole chako. Weka sauti ya kadiri mwanzoni, kisha usiiguse tena. Piano itashuka mpaka udhani simu imezima, halafu itapanda kwa kishindo. Ukiongeza sauti pale penye utulivu, utaumia masikio dakika moja baadaye, na utakuwa umefuta tofauti ambayo mpigaji aliitafuta kwa mikono yake.

Sasa kazi yenyewe. Anza na The People United Will Never Be Defeated! ya Frederic Rzewski, aliyoitunga mwaka 1975 kwa ajili ya Oppens. Oppens ndiye aliyeipiga hadharani kwa mara ya kwanza, Washington, Februari 1976. Chini yake kuna wimbo wa Chile wa Sergio Ortega na kundi la Quilapayún, wimbo wa maandamano wa mwaka 1973, mwaka ule ule serikali ya Rais Salvador Allende ilipopinduliwa. Maana ya jina lake ni kwamba watu walioungana hawatashindwa kamwe. Sisi tuliofundishwa tangu darasa la kwanza kwamba umoja ni nguvu hatuhitaji mkalimani hapo.

Usiguse piano bado. Utafute wimbo wenyewe ulivyoimbwa na Quilapayún, uusikilize mpaka uweze kuuimba kwa mdomo uliofumba huku unafua nguo. Hiyo ndiyo tuni uliyoniuliza iko wapi. Asiyeibeba kichwani atapotea njiani, na hatakuwa na wa kumlaumu.

Kisha chukua punje 36 za mahindi, uzigawe mafungu sita, kila fungu punje sita. Rzewski anaupiga wimbo mara moja, halafu anaugeuza mara 36, na mageuzo hayo yamepangwa hivyo hivyo, sita kwa sita. Kila geuzo likiisha, sogeza punje moja. Katika kila fungu, matano ya kwanza yana tabia zake, na la sita linayaokota yote matano kwa vipande vifupi, kama katibu anayesoma muhtasari wa kikao. Ukisikia vipande vinarukiana, kimoja hakijakaa kingine kimeingia, tazama punje zako: huenda umefika kwenye ya sita. Na fungu la sita lote linafanya kazi hiyo hiyo kwa mafungu matano yaliyotangulia. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alipoligundua hilo peke yake, alivua hedifoni akasimama. Sijasahau uso wake.

Kazi nzima inachukua kama saa moja. Nawapa fungu moja kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada wanaisikiliza yote bila kusimama. Njiani Rzewski anamtaka mpigaji apige mluzi, apaze kilio kifupi, na abamize kifuniko cha piano. Ukisikia kishindo kama hicho usidhani rekodi ina kasoro. Na mwishoni, kabla tuni haijarudi, ameacha nafasi ambapo mpigaji anaweza kubuni ya kwake papo hapo. Mtu aliyezoea sebene ataelewa nafasi hiyo haraka kuliko mtu wa kwaya.

Oppens aliirekodi kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1970, akairudia akiwa na umri wa miaka 70 hivi, na rekodi hiyo ya pili ikatoka 2015. Chukua fungu la kwanza peke yake, ulisikilize kwa rekodi zote mbili asubuhi moja. Piga mapigo kwa kidole mezani na uandike anapochelewa, anapokimbia, noti ipi anaining'iniza. Fungu moja linatosha. Ukilinganisha saa nzima kwa saa nzima utachoka na hutakumbuka lolote.

Baada ya hapo nenda kwa Elliott Carter, ambaye Oppens alirekodi muziki wake wa piano katika albamu iliyotoka 2008, mwaka ambao mtunzi alitimiza miaka 100. Katika Sonata yake ya 1945–46 kuna mahali nyuzi zinaimba bila kupigwa. Kama kanisani kwenu kuna piano halisi, jaribu mwenyewe: bonyeza do ya katikati polepole isitoe sauti, uishikilie, kisha kwa mkono mwingine gonga do ya chini yake na uachie mara moja. Ile ya juu itabaki inalia. Vinanda vingi vya umeme tunavyonunua mjini havifanyi hivyo, kwa hiyo omba ruhusa ya kutumia piano.

Night Fantasies ya Carter ibaki mwisho. Iliagizwa na wapiga piano wanne, Oppens akiwa mmoja wao, na yeye ndiye aliyeipiga kwanza, mwaka 1980 huko Bath, Uingereza. Ni mawazo ya mtu aliyekosa usingizi, kama dakika ishirini. Tuni ya kubeba kichwani humu hakuna, kwa hiyo shika kitu kingine. Ndani yake zimefichwa mbio mbili za mapigo, moja ya mapigo 216 na nyingine ya 175 kwa kazi nzima, zinazokutana karibu na mwanzo na karibu na mwisho tu. Fikiria kengele za sharika mbili jirani, kila moja na mwendo wake. Huwezi kuzihesabu, wala hutakiwi. Lala chali baada ya saa nne usiku, zima taa, na noti ya mwisho ikipigwa, acha hedifoni masikioni mpaka uisikie nyumba yako tena.