Kupunguza miche ya mboga uwani: shika mkasi, usivute

Ikiwa ulimwaga mbegu mvua za vuli zilipoanza na sasa tuta lako lote kijani tupu, hongera, lakini kazi haijesha. Juzi nilikuwa Fuoni kwa wifi yangu tunapunguza miche kwenye tuta lake la kwanza, na maswali alionuliza ndo yale yale naulizwa na kila anaeanza, kwaiyo bora niyaandike yote pahala pamoja.

Kubwa kabisa ni huruma. Mtu kaotesha mwenyewe, kila asubuhi anakwenda kuchungulia, leo unamwambia atoe zaidi ya nusu. Namuelewa sana. Lakini grami moja ya mbegu za mchicha ina mbegu zaidi ya elfu moja, ukichota kwa vidole vitatu tu ushamwaga mamia, na ardhi ya tuta dogo haiwezi kuwalisha wote hao. Karoti zikibanana zinatoa majani mazuri juu na chini unakuta uzi. Tungule, yaani nyanya, zikibanana kwenye kitalu hewa haipiti, shina linaoza pale linapogusa udongo, mche unalala, na akianza mmoja anawaambukiza wa pembeni. Kwaiyo usipopunguza wewe vitapungua wenyewe, tena vibaya.

Hatua ya 1: Ngoja majani ya kweli

Yale majani mawili yanayotangulia siyo. Subiri yafuate mengine yenye sura ya mboga yenyewe. Mchicha unaota siku 3 mpaka 5, bamia kama wiki hivi, karoti inaweza kufika wiki 2 hata 3 ardhi ikiwa kavu, kwaiyo usitegemee kulimaliza tuta zima siku moja. Karoti changa inafanana na nyasi, mpaka litoke lile jani lililochanika chanika kama la kotmiri ndo utaijua. Kabla ya hapo usiguse, utabakisha ndago utoe karoti.

Hatua ya 2: Mwagia maji

Asubuhi mwagia vizuri, kazi fanya jioni baada ya Alasiri jua likipoa. Basi.

Hatua ya 3: Chagua, halafu kata

Hapa ndo tulipokaa mpaka Magharibi ikatukuta, kwaiyo soma taratibu.

Kwanza kuchagua. Watu wengi wanabakisha mche mrefu kuliko wote wakidhani ndo wenye nguvu. Hapana. Mche uliorefuka ukawa mwembamba na shina limepauka, huo ulikuwa unatafuta mwanga, ukija upepo wa kaskazi unalala. Bakisha mfupi, shina nene, majani yamekaa wima na rangi imekoza. Mwenye shina limepinda chini, mwenye jani limetobolewa, mwenye kasoro yoyote, toa. Ikiwa miwili iko sawa sawa usikae kufikiri, toa ule ulio karibu zaidi na jirani mwengine.

Sasa kutoa. Mimi natumia mkasi mdogo wenye ncha nyembamba, ule ule wa kushonea kofia, na sitaki kusikia habari ya kisu wala ule mkasi mkubwa wa kukatia maua, hauingii baina ya miche. Kata sawa na udongo. Ukikata juu ya yale majani mawili ya mwanzo, bamia linachipua tena na utarudi kufanya kazi ile ile. Ukivuta kwa mkono mizizi ya chini ishashikana, unatoa mmoja unamtikisa wa pili, na karoti ikishatikiswa mzizi inaweza kutoa miguu miwili. Bamia nalo lina mzizi mmoja mrefu unaokwenda chini na halipendi kabisa kusumbuliwa, kwaiyo zile mbegu mbili tatu ulizotia shimo moja, bakisha mche mmoja, wengine mkasi.

Lakini mchicha unaweza kuvuta, hasa kwenye kichanga kilichorowa, unatoka mzima na mizizi yake na ukitaka unaupanda palipo na pengo. Kwenye kinamo, ule udongo mzito unaonata, usijaribu, unatoka na bonge la udongo na wenzake watatu, hapo rudi kwenye mkasi. Tungule na bilingani pia zinahamishika, zichokoe na kijiti kutoka chini, shika jani usishike shina, mana jani likikatika linaota jengine, shina likivunjika mche ushakufa. Karoti na figili usihamishe hata ukiona uchungu.

Na bitiruti isikushangaze. Umepanda mbegu moja moja kwa nafasi yake, unaona inatoka miche miwili mitatu pamoja. Ile unayoiona mbegu moja kwa kawaida ni mbegu kadhaa zilizoshikana. Bakisha mmoja.

Hatua ya 4: Nafasi

Rula ya nini, una mkono. Karoti na figili vidole vitatu baina ya mche na mche, kama sentimita 5. Bitiruti vidole vitano. Mchicha wa kukata kata ukachipua tena, kama sentimita 15, wa kung'oa mzima hata nusu yake unatosha. Bamia shibri mbili.

Ila usifike hapo kwa siku moja! Mara ya kwanza acha miche maradufu ya unayotaka, mana usiku sota, yule kiwavi wa ardhini, anakata mashina, mvua ikinyesha konokono wanatoka, na kuku wa jirani hana mpaka. Baada ya wiki moja na nusu au mbili rudia, ndo umalizie nafasi yenyewe.

Hatua ya 5: Baada ya hapo

Mwagia maji kidogo kidogo kwa kopo lililotobolewa, miche iliobaki itakuwa imelegea, sogezea udongo kwenye shina halafu tandaza nyasi kavu bila kuzigusisha na shina. Hiyo miwili mitatu uliohamisha wekea kivuli cha kuti siku chache.

Ulivyovitoa vya mchicha, bitiruti na figili usitupe, vioshe mchanga vizuri uvipike na tui. Na safari ijayo changanya mbegu ndogo ndogo na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, kijiko cha mbegu kwa kopo la mchanga, zitatawanyika na mkasi utakuwa na kazi ndogo.