Somo: Kupanga likizo ya mjini Santa Cruz de Tenerife wakati wa kanivali

Wengi wetu tukisikia Tenerife, kisiwa cha Hispania katika visiwa vya Kanari, tunafikiria hoteli za kusini, mabwawa ya kuogelea na watu wakiota jua. Kanivali yenyewe haiko huko. Iko Santa Cruz, mji wa bandari wenye ofisi, soko na tramu, ambao kila Februari au mwanzoni mwa Machi unajaa watu waliojigeuza kwa mavazi. Somo hili ni la anayetaka kulala mjini penyewe na kuingia mtaani, si kuletwa na basi la watalii, kutazama saa mbili na kurudishwa.

Hatua ya 1: Anza na kalenda, si na tiketi

Kanivali inafuata Pasaka, kwa hiyo tarehe huhama kila mwaka. Tafuta Jumatano ya Majivu, kisha rudi nyuma hadi Ijumaa iliyotangulia. Usiku huo gwaride la ufunguzi hupita na mitaa inakuwa ya watu. Mwaka 2027 Majivu ni tarehe 10 Februari, hivyo Ijumaa yako ni tarehe 5.

Jumatatu usiku ni ngoma hadi alfajiri. Jumanne alasiri ndiyo Coso, gwaride kubwa kwenye barabara ya kando ya bahari: magari yaliyopambwa, vikundi vya wacheza ngoma wenye manyoya, na Malkia wa mwaka huo. Jumatano usiku ni Mazishi ya Sadini. Samaki mkubwa wa makaratasi anapitishwa mitaani, nyuma yake wanafuata "wajane" waliovaa nguo nyeusi, wengi wao wanaume wenye ndevu na shela, wakilia kwa kwikwi na kuzimia mikononi mwa wenzao. Mwisho samaki anachomwa moto. Wikiendi inayofuata watu hucheza tena, kisha basi.

Mwenye siku tano tu, ushauri wangu ni afike Jumapili na aondoke Ijumaa.

Hatua ya 2: Chagua uwanja wa ndege

Kisiwa kina viwanja viwili. Wa kaskazini uko La Laguna, karibu kabisa na Santa Cruz. Wa kusini uko umbali wa kilomita 60 hivi. Ndege nyingi za bei nafuu kutoka Ujerumani na Uingereza hutua kusini. Si tatizo, basi namba 111 la TITSA, kampuni ya mabasi ya kisiwa, linakufikisha mjini, ila hesabu zaidi ya saa nzima barabarani. Ukipitia Madrid, tafuta ya kaskazini.

Hatua ya 3: Chumba

Weka mapema, miezi kadhaa kabla. Ukilala jirani na Plaza de España, uwanja mkuu wa mji, utasikia muziki mpaka jua lichomoze. Ukitaka usingizi, panda juu kidogo, au lala La Laguna kwenye njia ya tramu. Siku kuu za kanivali tramu hufanya kazi usiku kucha, kwa hiyo huhitaji teksi. La Laguna nayo ni mji wa kale ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1999, na unapendeza kuutembea asubuhi.

Hatua ya 4: Vazi

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Mtaani hakuna kiingilio. Vazi ndilo linalokufanya uwe mmoja wao. Ukienda na jinzi na kamera utabaki mtazamaji. Si lazima liwe la gharama. Sisi tuna mazoea ya sare: kundi la watu wanne wenye kitenge kimoja, kofia moja na rangi kidogo usoni litaitwa kila kona kupiga picha. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na simu iwe mfuko wa ndani, maana msongamano ni wa kweli. Mwaka 1987 Celia Cruz, mwimbaji wa salsa kutoka Kuba, aliimba Plaza de España mbele ya takriban watu 250,000.

Mavazi ya washindani wa Malkia ni jambo jingine kabisa. Mengine hupita kilo 100, na ndiyo maana huwekewa magurudumu chini. Tiketi za usiku wa kumchagua huisha haraka.

Lakini mimi napenda zaidi murga. Ni makundi ya watu waliopaka nyuso rangi, wanaoimba kwa pamoja nyimbo za kuwasema wanasiasa, kodi za nyumba na utalii uliozidi. Anayejua mipasho ataelewa haraka hata asipojua Kihispania. Uhuru huo haukuja bure: enzi za Franco, dikteta wa Hispania, kanivali ilipigwa marufuku, na tangu 1961 watu wa Santa Cruz waliifanya kwa jina la Sikukuu za Majira ya Baridi. Wasikilizeni murga mkikumbuka hilo.

Hatua ya 5: Mchana

Joto la mchana ni kama nyuzi 20, usiku chukua koti. Basi namba 910 linakwenda ufuko wa Las Teresitas, wenye mchanga wa dhahabu ulioletwa kutoka Sahara miaka ya 1970. Soko la Nuestra Señora de África lina samaki na matunda.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Dar na pasipoti ya Tanzania. Viza ipi?*

Ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kupitia Hispania. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usingoje siku 15 za mwisho. Mwenye kibali halali cha kuishi Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen haombi viza tena.

*Tuna watoto wa miaka 6 na 9. Inawafaa?*

Inawafaa sana, dada, lakini mchana. Kuna kanivali ya mchana katikati ya mji, na Coso ya Jumanne familia nzima huenda. Usiku wa manane waacheni walale.

*Assalaam aleikum. Mwaka 2027 si itagongana na Ramadhani?*

Waaleikum salaam. Ndiyo, Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari 2027, kutegemea mwandamo. Afadhali usubiri 2028: Majivu ni tarehe 1 Machi, na Idi inatarajiwa siku chache kabla yake. Na ukiagiza barraquito, ile kahawa ya matabaka yenye maziwa mazito, sema "sin licor", maana kwa kawaida hutiwa pombe. Viazi vya kuchemshwa na maganda yake kwa chumvi nyingi, pamoja na samaki na mchuzi wa mojo, havina shida.

*Nimesikia vumbi la Sahara linafunga viwanja. Kweli?*

Kweli, ingawa si kila mwaka. Februari 2020, katikati ya kanivali, ndege zilisimama visiwa vyote vya Kanari. Usipange kuunganisha ndege ya kurudi Nairobi au Dar siku ileile unayotoka kisiwani. Lala Madrid usiku mmoja.