Vumbi la kifaru lifike mpaka kwenye viatu vya askari

Ukiunda kifaru cha vita cha plastiki cha kipimo cha 1:35 (yaani kidogo mara 35 kuliko cha kweli) na askari wake, usikipake vumbi kifaru peke yake. Utaona kifaru kimechakazwa vizuri kabisa, halafu pembeni kasimama askari mwenye viatu vinavyong'aa kana kwamba katoka dukani. Kazi yote hiyo inaharibika.

Chukua vifaru aina ya Sherman vya Waingereza kwenye vita vya El Alamein, jangwani Misri, 1942. Kwa kipimo hiki mtu wa sentimita 175 anakuwa na sentimita 5 tu, kwa hiyo vumbi liwe laini mno. Kwangua chaki ya kahawia kwa wembe, ongeza nyeupe mpaka rangi ipauke. Puliza kwanza vanishi isiyong'aa ili unga ushike, kisha kwa brashi kavu paka unga huohuo kwenye minyororo, ubavu wa chini wa kifaru, viatu, soksi na pindo za kaptura.

Kamanda aliyechomoza kwenye mnara wa mzinga juu ya kifaru mpake mabegani na kofiani. Kama miwani yake ya vumbi kaipandisha kwenye paji la uso, mwachie duara safi kuzunguka macho. Hapo ndipo anapopata uhai.